Tukifunge kitabu katikati?

Wahenga wametuachia mashauri mawili yanayopingana juu ya jambo tunalolichungua leo. La kwanza lasema: «Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.» Kwa shauri hilo, mtu akishafungua kitabu hana ruhusa ya kukiacha mpaka ukurasa wa mwisho. La pili lasema: «Akili ni nywele, kila mtu ana zake.» Kwa shauri hilo kila mtu asome apendacho, na kisichompendeza akiweke chini. Tufuate lipi?

Jambo lenyewe ni hili. Mtu ameanza kitabu cha hadithi, na katikati moyo wake unakataa. Aendelee, ama akifunge? Kwa mtu asomaye peke yake nyumbani kwake, swali ni dogo. Lakini si dogo tena pale kitabu kimoja kinapozunguka mikononi mwa watu wengi, kama ilivyo katika parokia zetu. Vitabu ni vichache, bei yake ni kubwa, kabati ni moja. Huyu anaazima kitabu siku ya Dominika, anasoma kurasa 40, anakirudisha akisema: «Hiki ni kibaya, kiondoeni, watoto wetu wasikione.» Yule anakimaliza kwa siku mbili, anakililia machozi, anataka binti yake akisome. Mwenye kutunza ufunguo wa kabati amsadiki nani?

Mimi nasema hivi, nanyi mtapima: kukifunga kitabu ni haki ya kila msomaji, lakini kukihukumu ni haki ya yule tu aliyefika mwisho.

Haki ya kufunga

Nianze na haki ya kwanza, maana wako wasomaji wema wanaojitesa bure. Wanafikiri kwamba kuacha kitabu ni uvivu, au ni kosa la kuungama. Mwaka 1992 mwalimu mmoja wa Ufaransa, Daniel Pennac, alitoa kitabu kiitwacho «Comme un roman», na humo akaandika haki kumi za msomaji. Ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Hakuandika vile ili kuwafundisha watu uvivu. Alikuwa amewaona vijana wengi waliochukia kusoma kwa sababu kusoma kulikuwa kumefanywa adhabu, naye akataka kuwarudishia furaha yake.

Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa na shauri lisilo mbali na hilo. Katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya kazi ya fasihi katika malezi, alionya kwamba kujilazimisha kusoma kitabu kwa kuwa tu wengine wamesema ni cha lazima hakuleti faida. Akasimulia mambo ya ujana wake. Miaka ya 1964 na 1965 alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, nchini Argentina. Programu ilidai wanafunzi wasome habari za El Cid, shujaa wa zamani wa Hispania, lakini wao walimtaka García Lorca. Mwalimu akaamua: El Cid mtamsoma nyumbani, hapa darasani tutasoma wale mnaowapenda. Basi wakaanza na waandishi wa siku zao, na polepole mapenzi yao yakapanuka. Hakuwaambia kwamba El Cid hana maana, wala hakuwaambia kwamba wanachokipenda wao ni takataka. Alijua kwamba mlango wa kuingilia nyumbani si mmoja kwa wote.

Tena tukumbuke kwamba Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Roma iliitangaza mara ya kwanza mwaka 1559, na mwaka 1966 ikaondolewa nguvu ya sheria. Tangu hapo mkristu hawezi tena kusema: «Nimekiacha kwa kuwa kimo katika orodha.» Sheria iliondoka, dhamiri ikabaki na mzigo wake. Ndiyo maana yafaa kila mtu ajue sawasawa kwa nini anafunga kitabu.

Sababu nne

Nikiwasikiliza watu wanaorudisha vitabu bila kuvimaliza, naona sababu zao ni nne.

Sababu ya kwanza ni lugha. Vitabu vingi vya hadithi za Kiswahili vinatufikia kutoka ng'ambo ya ziwa, yaani Tanzania, navyo vina maneno ya pwani ambayo sisi wa Kivu na Katanga hatuyatumii. Mtu anakwama mara tano katika ukurasa mmoja, anachoka. Hapo kitabu hakina lawama, na msomaji hana lawama. Lakini angalieni jambo moja. «Mzimu wa Watu wa Kale» cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, kimeandikwa kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, na bado watu wanakimaliza. Kwa nini? Kwa sababu mtu ameuawa, na Bwana Msa na kiko chake anamtafuta muuaji, na msomaji hawezi kulala bila kujua ni nani. Hadithi ikivuta, neno gumu halizuii njia.

Sababu ya pili ni kuchoka tu: kitabu hakimpendezi. Chukueni «Kusadikika» cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme wa nchi iliyo angani, naye anajitetea siku kwa siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema na kulipwa ubaya. Wazee wetu wanakipenda mno. Wanasema kila ukurasa una neno la kubeba nyumbani. Vijana wanasema: «Hawa si watu, ni mafundisho yenye miguu. Mwenye majivuno anaitwa Majivuno, sasa mimi nitafute nini?» Wote wawili wamesoma vizuri. Mzee anatafuta hekima iliyosemwa wazi, kijana anatafuta mtu aliye na wema na ubaya ndani ya ngozi moja. Sioni sababu ya wao kutukanana.

Sababu ya tatu ni dhamiri. Msomaji anaona kwamba kitabu kinamwamshia tamaa mbaya, au chuki, au kukata tamaa, naye anajijua ni dhaifu upande huo. Huyo akifunge leo, asingoje kesho. Wala asione haya mbele ya wenzake wanaojisifu kwamba wao wanasoma chochote. Mwenye kidonda hashindani na wazima kupita miibani.

Sababu ya nne ndiyo ya hatari: kitabu kimetuchoma. Kimetuonyesha uso wetu, nasi hatukuupenda. Ubaya wa sababu hii ni kwamba haipendi kujulikana. Daima huvaa nguo za sababu ya tatu. Mtu anasema: «Kitabu hiki kinaharibu vijana», kumbe kinachomsumbua ni kwamba kinamsema yeye. Nitatoa mifano miwili.

Rosa na baba yake

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe kwenye ziwa Victoria, akasoma katika seminari ya Nyegezi, akafa mwaka 2020. Mwaka 1971 alitoa hadithi yake ya kwanza, «Rosa Mistika». Wakristu wanalijua jina hilo: ni moja ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Loreto. Basi msomaji wa parokia anakichukua akidhani ni kitabu cha ibada. Anakuta mambo mengine. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali, anayemlinda binti yake kwa fimbo. Barua moja tu ya kijana inamletea kipigo kikubwa. Akiwa chini ya baba yake Rosa anaogopa wanaume wote. Akienda mbali na baba yake kwa masomo, hakuna kilichobaki cha kumzuia, maana hakulelewa kuchagua, alilelewa kuogopa. Anaanguka, na anaendelea kuanguka, na mwisho anajitoa uhai.

Katika Tanzania kitabu hicho kilikatazwa mashuleni kwa muda, na baadaye kikasomwa. Kwetu pia nimewasikia wazazi wakikikataa. Ukiwauliza walifika wapi, wengi walifika pale ambapo Rosa anaanza maisha mabaya. Wakaona aibu, wakakifunga. Mimi siwalaumu kwa kukifunga. Lakini hukumu yao ni ya mtu aliyesikia mashitaka akatoka nje kabla mashahidi hawajasema. Kwa maana kitabu hiki hakimsifu Rosa. Kurasa zake za mwisho zinawaweka Rosa na baba yake mbele ya hukumu ya Mungu, na hapo swali linageuka. Si tena: «Binti huyu amefanya nini?» Ni hili: «Nani alimfanya awe hivi?» Msomaji aliyeishia katikati amesoma habari ya msichana mpotevu. Aliyefika mwisho amesoma habari ya baba.

Mnaona sasa kwa nini naiita sababu ya nne kuwa ya hatari? Baba anayelea kwa fimbo tu anaweza kukitupa kitabu kwa jina la usafi wa watoto, na kitabu chenyewe kiliandikwa kwa ajili yake yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Nisiseme kwamba kitabu hakina kasoro. Mwandishi alikuwa kijana, naye anaharakisha. Rosa anabadilika upesi kuliko watu wanavyobadilika kweli, na misiba ya mwisho inakuja moja juu ya nyingine mpaka msomaji hapati nafasi ya kulia. Wala sitaki mtoto wa miaka 12 akipewe kitabu hiki peke yake bila mkubwa wa kuongea naye. Lakini maneno hayo nayasema juu ya kitabu kizima.

Padri Landu

Mfano wa pili ni wa nchi yetu wenyewe. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 katika Jadotville, yaani Likasi ya leo. Ujanani aliishi kama mmonaki Mbenediktini huko Rwanda, akaacha, akawa mwalimu mkubwa wa vyuo vikuu, akafa mwaka 2025. Mwaka 1973 alitoa kwa Kifaransa «Entre les eaux», jina ambalo twaweza kulisema: katikati ya maji. Ni habari ya Pierre Landu, padri Mwafrika aliyesoma Roma, anayeona kwamba Kanisa limekaa mno upande wa wenye nguvu. Basi anaiacha misioni, anaingia porini kwa waasi wanaofuata mafundisho ya Marx. Anataka kuwa mtu wa Injili pamoja na maskini wenye bunduki. Lakini kule nako hawamwamini. Maji ya huku yamemkataa, maji ya kule hayampokei.

Kitabu hiki pia hurudishwa nusu. Wengine husema: «Kinawadharau mapadri.» Kumbe mwaka 1975 kilipewa Grand prix catholique de littérature, zawadi ya Wakatoliki wa Ufaransa kwa vitabu. Zawadi si Injili, hailazimishi mtu kupenda. Lakini inatuambia kwamba wako wakatoliki waliokisoma na kukipima bila kuona dharau. Njia ya Landu inamfikisha mwisho katika monasteri ya Wasistersiani. Je, ni amani aliyoipata pale, ama ni kukimbia tena? Mwandishi hatuambii wazi. Aliyekifunga katikati hana hata swali hilo. Yeye anabaki na padri mwasi tu.

Hata hivyo, nikiri jambo upande wa waliochoka: Landu anawaza mno. Kurasa nyingi ni mawazo yake, na kumbukumbu za masomo yake, na maneno ya Kilatini, na vita yenyewe hatuioni sana. Sisi tuliopita seminari tunasikia sauti tunayoijua, twaweza kuvumilia. Fundi wa magari aliyefanya kazi mchana kutwa akisema, «Nilisinzia», simwoni kuwa mtu mdogo. Sababu yake ni ya pili, na ni ya haki.

Namna ya kujipima

Tutajuaje kama tunafunga kwa dhamiri ama kwa kuchomwa? Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatusaidia hapa. Mwaka 1521 alivunjwa mguu katika vita vya Pamplona, akalala kitandani nyumbani kwao siku nyingi. Akaomba hadithi za mashujaa na mapenzi, maana ndizo alizozipenda. Nyumbani hazikuwapo. Wakampa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Hapo akagundua jambo: akiwaza mambo ya ushujaa wa dunia alifurahi wakati wa kuwaza, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu. Akiwaza mambo ya watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya kufunga kitabu.

Basi kipimo si utamu wa wakati ule. Kipimo ni kile kinachobaki. Kitabu kikikuacha na tamaa unayoijua, kifunge. Kikikuacha mkavu tu, kiweke, labda miaka mitano baadaye kitakufaa. Kezilahabi huyohuyo aliandika mwaka 1990 kitabu chembamba, «Nagona», kinachokwenda kama ndoto. Msomaji hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, na hata wasomi wamekiacha. Kitabu kama hicho hakina haraka. Lakini kikikuacha na hasira juu ya mwandishi, na katika hasira hiyo uso wa mke wako au wa mtoto wako unakujia, usikifunge. Soma sura moja zaidi.

Midomo haifanani

Labda mtasema: «Katekista, ikiwa kila mtu ana haki ya kuacha, basi hakuna kitabu kizuri wala kibaya, yote ni mapenzi ya mtu.» Hapana. Ugali uliopikwa vizuri ni mzuri hata kwa mgonjwa asiyeweza kuula. Mgonjwa aseme: «Sina hamu», asiseme: «Mpishi hajui kazi.» Tunachanganya maneno mawili, «sikipendi» na «ni kibaya». La kwanza ni habari yangu mimi, halihitaji ushahidi. La pili ni habari ya kitabu, nalo lataka ushahidi wa kitabu kizima.

Kezilahabi ametuachia mfano mzuri wa jambo hili. Yeye hakuandika kama Shaaban Robert hata kidogo: mmoja ana watu wanyofu kama sheria, mwingine ana watu waliovunjika. Wangeweza kuwa maadui. Lakini mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kezilahabi aliandika tasnifu nzima juu ya riwaya za Shaaban Robert. Mtu wa njia nyingine alikaa na kitabu baada ya kitabu cha mwenzake, ndipo akasema lake. Hiyo ndiyo heshima ya wasomaji.

Mashauri machache

Kwa wanaotumia kabati moja la vitabu, naleta mashauri matatu mepesi. Kwanza, kila anayerudisha kitabu aandike katika daftari ukurasa aliofika, pasipo aibu. Pili, katika maongezi juu ya kitabu, aliyeishia njiani aseme wazi: «Nilifika ukurasa wa 60», kisha aseme kwa nini alisimama. Maneno yake yana thamani, maana yanatufundisha wapi kitabu kinawapoteza watu. Tatu, kitabu kisitolewe kabatini kwa neno la mtu asiyekimaliza, hata akiwa mkubwa wa parokia. Kama kweli kina sumu, apatikane mtu mzima mwenye moyo imara akisome chote kwa ajili ya wengine, kisha asimame na kusema alichokiona mwanzo, katikati na mwisho.

Na wewe baba, wewe mama, binti yako akikuta kitabu ulichokiacha akakuuliza, «Kwa nini hukumaliza?», usimjibu kwa ukali. Mwambie sababu ya kweli kati ya zile nne. Kama ni ya nne, kaeni chini pamoja mkisome mpaka mwisho.